Matanga ya Mtu wa Gengi

Baba yangu hapendi habari za reli. Tangu watu waanze kusema kwamba reli inakuja Gitega, na vijana wenye vizibao vya rangi ya chungwa wapite kwenye vilima vya Itaba na Makebuko wakichomeka vigingi, majirani wamekuwa wakimfuata nyumbani kumuuliza maswali, kwa sababu wanajua alifanya kazi hiyo Tanzania. Wanataka kujua kama treni inatikisa nyumba, kama ng'ombe wanaizoea, kama watu wa karibu na reli hupewa kazi. Anawajibu kwa adabu, maneno machache, halafu anasema mgongo unamuuma, anaingia ndani kulala.

Mgongo unamuuma kweli. Hausimami tena wima. Akitembea anaangalia chini kama mtu aliyedondosha kitu.

Alitoka Makebuko akiwa kijana, mwaka ule ambao watu wengi walikimbia mauaji, akafika kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Tabora. Kule walipewa majembe na pori. Yeye na wenzake kadhaa wakachoka na pori, wakatoroka kwenda kutafuta kibarua relini, kwenye njia ya kwenda Mwanza. Waliwekwa kwenye gengi. Gengi ni kikundi cha watu wanaotunza kipande cha reli: wanakaza misumari, wanabadilisha mataruma yanayobeba vyuma, wanashindilia kokoto, wanafyeka majani. Wanaishi hapohapo, kwenye vinyumba vya shirika vilivyojipanga kando ya njia, mbali na kijiji chochote. Mimi nilizaliwa kwenye kinyumba kimoja cha namna hiyo. Hadi leo, nikiwa mwalimu wa Kiswahili hapa Gitega, mtu mzima mwenye watoto wanaonizidi urefu, nikisikia lori kubwa likipita nasubiri vikombe vigongane kabatini.

Nilizaliwa vita vya Kagera vimekwisha. Nilichokuta ni makaburi matatu nyuma ya vinyumba, yenye misalaba ya vipande vya taruma, na wanaume ambao hawakuwa na mazungumzo. Mama alikuwa akipaka misalaba ile chokaa kila mwaka kabla ya Pasaka. Nilipomuuliza ni ya nani aliniambia ni ya watu wa gengi waliokufa wakati wa vita. Nikamuuliza kama walikuwa askari. Akasema hapana, walikuwa wanapitisha askari.

Mama mwenyewe amezikwa kulekule. Sisi tulirudi Burundi na wale waliochagua kurudi, baba akarudi Makebuko kwa ndugu zake. Kati ya watu wa gengi lake waliokuwa Warundi, wengine walibaki na kuchukua uraia, wengine wamekufa. Aliyekuwa amesalia upande wetu ni mjane mmoja tu, anayeishi Butihinda, huko Muyinga, karibu na mpaka. Mume wake ni mmoja wa wale watatu wa kwenye misalaba.

Yule mama ndiye aliyenipigia simu, mwaka huu, mvua zilipokuwa zinakaribia kuisha. Aliniuliza kama baba bado anaweza kusafiri. Nikamwambia akikaa mbele na mto mgongoni anaweza, ila atateseka. Akasema, "Basi mwambie ateseke. Sina mwingine."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mume wake alikimbia kutoka Butihinda peke yake, usiku mmoja, bila kuaga. Nyumbani hawakupata habari zake tena. Walingoja, mwishowe wakakubali kwamba aliuawa kama wengine, wakamlilia, wakafanya kuganduka. Kuganduka kwetu ndiyo kumaliza matanga kabisa: ndugu wanakutana, wanakula na kunywa pamoja, wafiwa wanatolewa kwenye msiba, na kuanzia hapo marehemu hana tena jambo lisilokwisha. Walifanya hivyo huku mwenyewe yuko hai, anashindilia kokoto Tanzania, ameoa msichana mkimbizi mwenzake, ana watoto wawili.

Kwa hiyo yule mama aliporudi na watoto wake wazima na kusema yeye ni mke wa fulani, kaka wa marehemu alimwambia kwa upole kwamba mtu huyo walishamaliza kumlilia. Hakumfukuza. Alimpa kipande cha kulima kando ya bonde, kama anavyopewa mgeni. Lakini hakumwita shemeji, na watoto hakuwaita watoto wa nyumba ile. Wameishi hivyo miaka yote tangu warudi, wakisalimiana kanisani.

Sasa kaka mtu amezeeka, amekuwa mgonjwa, na labda anataka mambo yake yanyooke kabla hajaondoka. Alikuwa amesema kwamba kama yupo mtu aliyemzika mdogo wake kwa mikono yake, aje aseme mbele ya familia. Kama yatakuwa kweli, watafanya kuganduka upya, na mjane atakaa mahali pa mjane.

Nilienda Makebuko kumwambia baba. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kuchambua. Kisha akauliza tutaondoka lini.

Kupata mafuta kulichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Jirani yangu wa Gitega mwenye taksi alipanga foleni, akalala ndani ya gari, akaamka, akaambiwa yamekwisha, akapanga kwingine. "Maman, essence iko ngumu kabisa," alikuwa akinipigia kuniambia, kama vile mimi sikujua. "Lakini mi nitakupeleka, usiogope." Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni mara mbili na kuirudisha mara mbili. Mara ya tatu mkurugenzi wa shule alinitazama kana kwamba natunga safari. Alhamisi moja hatimaye tuliondoka, baba mbele na mto wake, mimi nyuma na kapu la chakula, tukapita Karuzi bila kusimama, maana kumshusha na kumpandisha kulikuwa kazi.

Njiani nilimuuliza kama amewaza atakachosema. Akasema atasema kilichotokea.

Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu kwangu hakuwahi kusema kilichotokea. Nilijua vipande tu. Nilijua treni za askari zilipita usiku na mchana, mabehewa ya mizinga yamefunikwa maturubai, na kwamba gengi lilikatazwa kuondoka njiani hata kwa msiba. Nilijua mmoja wa wale watatu alikufa kwa usingizi: alikaa juu ya reli kupumzika, akapitiwa, treni ikamkuta. Wa pili alikufa kwa homa, kwa sababu hakukuwa na wa kumpumzisha wala toroli la kumpeleka hospitali, matoroli yote yalikuwa yanabeba kokoto. Huyu wa tatu niliambiwa tu kwamba alikufa karavatini, pale maji yanapopitishwa chini ya reli.

Tulipofika Muyinga mjini, baba alitaka tununue kitenge cha kumpa yule mjane, ambaye tangu kule humwita shemeji. Tukaingia kwenye duka la familia moja ya Kihindi karibu na soko. Mwenye duka, mzee mwenye kofia nyeupe, alimtolea baba kiti kabla hata hatujasema tunachotaka, akamshushia vitambaa kimoja kimoja hadi magotini ili asinyanyuke. Baba alichagua cha kijani. Alichukua muda mrefu sana kuchagua. Nadhani alikuwa anajichelewesha.

Butihinda walikuwa wamekaa wanatungoja, kwenye ua wa kaka wa marehemu: wazee wachache wa mlimani, maana kwetu mlima ndio kijiji, wake zao, katekista, watoto wawili wa marehemu ambao sasa ni watu wenye mvi. Mjane alikuwa amekaa pembeni, kwenye mkeka, upande wa wageni. Alipomwona baba akishushwa kwenye gari alisimama, akamshika mikono yote miwili kwa muda. Kisha akarudi kwenye mkeka wake.

Kaka wa marehemu alikuwa mtu mrefu, amekonda, amejifunika blanketi ingawa jua lilikuwa kali. Alimkaribisha baba kwa Kirundi, akauliza habari za Makebuko, za mvua, za mihogo. Kisha akasema wazi kwamba hana ubaya na mtu, lakini watu wengi walirudi kutoka ng'ambo na habari nyingi, na yeye ana wajibu kwa waliobaki. Akamwomba baba aeleze.

Baba alieleza akiwa ameinama vilevile, anaangalia ardhi, kwa sauti ambayo ilibidi watu wasogee kuisikia. Alichanganya Kirundi na Kiswahili, kwa sababu maneno ya kazi ile anayo kwa Kiswahili tu.

Alisema kule njia inapita kwenye mbuga yenye udongo mweusi, udongo ambao mvua ikinyesha unakuwa kama uji. Mwaka ule wa vita mvua zilinyesha sana, na treni zilikuwa nzito kuliko zilivyozoeleka, na hazikuacha nafasi ya kurekebisha chochote. Walikuwa wakifanya kazi kati ya treni na treni. Walikula wamesimama. Walikuwa wamechoka kiasi kwamba mtu ukimwita anakuangalia tu, hajibu. Siku moja asubuhi walikuta maji yamekula udongo chini ya reli, mahali penye karavati, na reli zimebaki zinaning'inia. Wakapanga mataruma ya mbao chini yake, moja juu ya jingine, kama mtu anavyopanga kuni, ili yabebe njia. Walikuwa hawajamaliza wakati treni ya askari ilipofika na kusimama.

Nyapara wao, mtu wa Shinyanga, alimwambia ofisa wa treni wapewe hadi kesho yake. Ofisa akasema huko mbele kuna watu wanaingoja treni hiyo na kwamba kesho hawatakuwepo. Hakusema kwa ukali, baba alisema. Alikuwa kijana, na yeye pia alikuwa amechoka. Wakakubaliana treni ipite taratibu sana, behewa kwa behewa, lakini lazima watu wawili wakae chini, ndani ya maji, wakigongea kabari kila mataruma yatakapolegea. Nyapara akashuka mwenyewe. Akauliza nani wa pili.

"Mdogo wako akashuka," baba alimwambia mwenye nyumba.

Mtu mmoja aliuliza kwa nini yeye. Baba akasema hajui. Hakuwa mtu wa kujitangulizatanguliza. Wala hakupenda maji. Walikuwa wakimcheka kwa jambo hilo, kwa sababu hata kuoga mtoni alioga kwa kopo, amesimama ukingoni. Aliwahi kuwaeleza sababu: alipokuwa mdogo mto Ruvubu ulimchukua, wakiwa wanavusha mbuzi, na kaka yake akamrukia akamvuta kwa nywele. Alikuwa akisema kichwa kinamuuma hadi leo pale aliposhikwa. Baba alisema siku ile alishuka kwenye yale maji yakamfika kifuani, na alikuwa amefumba macho.

Kaka mtu alikuwa amejifunika blanketi mdomoni. Nilidhani homa imempanda. Mke wake alimwinamia akamuuliza kitu, naye akatikisa kichwa. Baba, ambaye hakuwa anamwangalia mtu, hakujua kama kuna lililotokea, akaendelea kueleza.

Alisema mabehewa yalipita karibu yote. Askari walikuwa wamekaa milangoni, miguu nje, baadhi wanaimba. Behewa la mwisho lilipokuwa juu ya karavati, mataruma yakateleza kwa upande mmoja. Behewa halikuanguka, lilipita. Kilichoanguka ni mataruma. Nyapara alivunjika mguu. Mwenzao walimtoa jioni, maji yalipopungua. Treni haikusimama, kwa sababu waliokuwa ndani hawakujua, na hata wangejua isingewezekana kuisimamisha pale. Walimzika nyuma ya vinyumba. Baba alichimba, yeye na wenzake wawili ambao nao hawapo tena. Siku iliyofuata walirudi kwenye karavati, kwa sababu ilikuwa inakuja treni nyingine.

Alipomaliza, mzee mmoja wa mlimani alisema kwamba ni jambo la kusikitisha mtu kufia vita vya nchi ya wengine. Hakusema kwa nia mbaya. Baba alimjibu kwamba wao hawakuwa wanapigana vita vya mtu. Walikuwa kazini, na askari wale walikuwa watoto wa majirani zao, waliowapa maji na chumvi walipofika bila kitu. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Kaka mtu alimgeukia mjane, pale kwenye mkeka wa wageni, akamwita shemeji. Alisema, "Ni mimi niliyemshika nywele. Hakuna aliyekuwepo isipokuwa sisi wawili na mbuzi." Akasema tena kwamba alimlilia mdogo wake yuko hai, na alipokufa kweli hakumlilia. Mkewe akasimama, akaenda kumshika mjane mkono, akamtoa kwenye mkeka akamkalisha karibu na mlango, kwenye nafasi ya watu wa nyumba.

Mimi nilikuwa nalia wakati huo, na watoto wa marehemu walikuwa wanalia. Yule mama hakulia. Alikuwa anamwangalia baba. Alipopata nafasi alimuuliza, kwa Kiswahili chetu cha kule, swali ambalo naona alikuwa amekaa nalo miaka yote.

"Shemeji, siku ile alikula?"

Baba hakuelewa. Yule mama akaeleza, bila kuinua sauti. Wakati wa vita wanawake wa gengi walikuwa wakiwapikia askari treni ziliposimama, kwa unga wao wenyewe, kwa sababu vijana wale walishuka wakiwa na njaa na huwezi kumnyima mtoto wa mtu anayeenda kufa. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ametoa unga wote. Asubuhi mume wake aliondoka bila kitu tumboni. Alimwambia atamletea chakula mchana, akaenda kuomba unga kijijini, na kijiji kilikuwa mbali. Aliporudi, walikuwa wanamtafuta majini.

"Alikula," baba alisema. "Tulikula wote. Nyapara alikuwa na michembe."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, watu wa kule wanavipika kwa maji vinakuwa laini. Baba alisema nyapara alivipika kwenye sufuria ya chai, na kwamba marehemu alikula akarudia, akalalamika kwamba havina karanga. Alilikumbuka hilo la karanga. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza siku ile.

Yule mama alisema, "Haya." Akaweka mikono mapajani. Ndipo akalia.

Kuganduka kulifanyika Jumamosi. Walinyoa nywele, walileta pombe ya mtama na ya ndizi, katekista aliomba. Kaka mtu alisema maneno ya mwisho akiwa ameshikwa kwapa na wanawe, na akawataja watoto wa marehemu kama watoto wa nyumba ile, mmoja baada ya mwingine, na wajukuu pia, hata wale walioko ng'ambo. Mjane alivaa kile kitenge cha kijani. Baba alipewa kiti cha mbele, lakini katikati ya shughuli aliniomba nimpeleke kwenye gari akalale, na ndiko alikokuwa watu walipokuja mmoja mmoja kumshukuru. Niliwazuia. Niliwaambia waache tu, mzee amechoka.

Jumapili tulirudi. Kwenye ile barabara ya Karuzi nilimuuliza kwa nini hakuwahi kunieleza haya, mimi niliyekua nikiruka juu ya makaburi yale. Alisema hakuwa ameficha. Alisema wakiwa kule kila mtu alijua, hakukuwa na wa kuelezwa. Na tuliporudi huku, ukisema tu neno vita, watu wanataka kwanza kujua ni vita vipi na wewe ulikuwa upande gani, na yeye hakuwa na nguvu ya kuanzia huko. Aliwahi kwenda parokiani kuomba misa kwa ajili ya watu wa gengi, akaulizwa waliuawa na nani. Akasema hawakuuawa na mtu. Karani wa parokia akaweka kalamu chini. Baba akachukua kofia yake akaondoka.

Nikamwambia nitaenda kuiomba mimi. Akasema kama nina nafasi.

Sijapata nafasi bado. Nimekuta marundo ya mitihani, na mwenzangu mmoja ameacha kazi, kwa hiyo madarasa yake nimepewa mimi. Baba tangu turudi hajatoka sana nje. Anasema safari imemaliza mgongo wake, ila hajutii, na amewaambia majirani wanaomuuliza habari za reli wasubiri waione wenyewe.

Yule mama wa Butihinda alinipigia wiki iliyopita. Aliniambia wamempimia shamba juu, karibu na nyumba ya shemeji yake, na mwanawe ameanza kulitifua. Shemeji mwenyewe yuko kitandani, anakula uji tu, na yeye ndiye anayempikia, kwa sababu mke wa mzee naye hawezi tena kuinama jikoni. Nilimuuliza anajisikiaje baada ya yote yale.

"Nilifikiri nitajisikia mwepesi," alisema. "Ila nimechoka tu, mwanangu. Nalala mapema."

Nikamwambia alale.